Ufunguo wa Pembe Sita: Jinsi ya Kuutambua Ulio Bora

Siku hizi watu wengi wa mijini, wakiisha kutoka kazini, hupenda kuitumia mikono yao kwa kazi ndogo ndogo za nyumbani. Mmoja ana baiskeli anayoitengeneza mwenyewe. Wa pili ana gitaa, nalo halimpi mtu mwingine alishike. Wa tatu amenunua kabati iliyoletwa vipande vipande ndani ya kasha, naye yampasa kuviunganisha mbele ya watoto wanaomtazama. Watu hawa watatu hawafanani kwa kazi, lakini wote hukutana na skrubu za namna moja: kichwa chake hakina mfuo wa bisibisi, wala hakishikwi na spana, bali kina tundu la pembe sita katikati. Kifaa cha kuzifungua ni kijiti cha chuma kilichopindwa mfano wa herufi L. Wafaransa hukiita clé Allen, na mafundi wetu wamekwisha kulifanya jina hilo kuwa lao: kle alen. Sisi katika makala hii tutasema ufunguo wa pembe sita.

Kifaa hiki ni kidogo, tena chaonekana duni. Hakina meno, hakina kitu kinachozunguka. Kwa sababu hiyo watu hukinunua bila kukitazama, kama vile mtu anunuavyo misumari. Tukiwaambieni kwamba kijiti hiki chaweza kuharibu gitaa la bei kubwa, au kumwangusha baba pamoja na mtoto aliyempakia nyuma ya baiskeli, huenda mtadhani twatia chumvi. Lakini someni kwanza.

Tuanze na asili yake, maana inafundisha. Katika viwanda vya zamani, mashine nyingi ziliendeshwa na mhimili mmoja mrefu uliopita chini ya dari, wenye magurudumu na mikanda. Kila gurudumu lilishikwa juu ya mhimili kwa skrubu yenye kichwa cha pembe nne, nacho kichwa kilitokeza nje. Mhimili ulipozunguka kwa kasi, kichwa hicho hakikuonekana tena kwa macho. Ila kiliweza kunasa mkono wa shati la mfanyakazi na kumvuta mwenyewe mashineni. Watu waliumia vibaya, wengine wakafa. Basi ikatafutwa skrubu isiyo na kichwa cha kutokeza, iwezayo kuzama yote ndani ya chuma. Huko Marekani, katika mji wa Hartford, William G. Allen alipata hataza mwaka 1910 kwa njia yake ya kuitengeneza: chuma hukandamizwa kikiwa baridi kuuzunguka mtaimbo mdogo wa pembe sita, hata tundu likapata umbo lililo sawasawa. Huko Ujerumani, kampuni ya Bauer & Schaurte ya mjini Neuss ilitoa skrubu za namna hiyo mwaka 1936 kwa jina la Inbus, na hata leo Wajerumani hutumia jina hilo. Waitalia husema brugola, kwa jina la mwenye kiwanda Egidio Brugola. Mataifa kadhaa yameupa ufunguo huu jina la mtu wao au kiwanda chao. Tundu ni lile lile. Nasi twaona ni vema kukumbuka kwamba kifaa hiki hakikubuniwa kwa ajili ya urembo, bali kwa ajili ya kuilinda mikono ya wafanyakazi.

Sasa tutazame jinsi kinavyofanya kazi. Ufunguo ukiingia tunduni, sharti pawe na nafasi kidogo, kwa maana bila nafasi usingeingia. Kanuni za kimataifa zimeweka mipaka: ufunguo ulioandikwa milimita 5 usizidi milimita 5 kamili, na tundu lake lizidi kidogo tu. Ufunguo uliotengenezwa vizuri, ukiuzungusha, waenda digrii 1 au 2 hivi, kisha washika. Huugusa ukuta wa tundu kwa sehemu pana kidogo ya ubavu wake, na nguvu ya mkono inagawanyika vizuri.

Lakini chukueni ufunguo mwembamba, tuseme wa milimita 4 na robo tatu, muutie katika tundu lile lile la 5. Utazunguka digrii 6, 7, hata 9, kabla ya kushika. Kufikia hapo umelala upande, wala hauugusi ukuta ila kwa ncha za pembe zake. Nguvu yote ya mkono yakusanyika juu ya mistari sita myembamba. Mistari hiyo huchimba chuma. Kila mara nafasi yaongezeka. Na nafasi ikiongezeka, ncha zazidi kulala. Leo skrubu imefunguka kwa shida, kesho ufunguo wateleza, na keshokutwa tundu limekuwa duara kama shimo la panya. Je, kosa ni la skrubu? Watu wengi huilaani skrubu, nao ufunguo uliofanya uharibifu wanaurudisha mfukoni.

Chanzo cha kwanza cha shida hii si ubaya wa chuma, bali ni vipimo viwili kuchanganyika. Vitu vitokavyo Ulaya na Asia kwa kawaida vyapimwa kwa milimita. Vingi vya Marekani vyapimwa kwa inchi. Katika masoko ya miji yetu, iwe Kadutu huko Bukavu au Kenya huko Lubumbashi, mtu aweza kukuta funguo za namna zote mbili katika rundo moja. Nazo zafanana mno. Ufunguo wa inchi 3/16 ni milimita 4.76, ndio ule mwembamba tuliousema hivi punde. Ule wa inchi 1/4 ni milimita 6.35, hauingii katika 6. Na wa 6 ukitiwa katika tundu la 1/4 wacheza. Jozi mbili ndizo zinazosikilizana: 5/32 ni milimita 3.97, karibu sawa na 4, na 5/16 ni milimita 7.94, karibu sawa na 8. Nyingine zote msizichanganye, hata ufunguo ukionekana kwamba unaingia. Kuingia si kushika.

Baada ya kipimo, chuma. Funguo nzuri hutengenezwa kwa chuma cha pua kilichochanganywa na kromi na vanadi, au kwa chuma cha zana kiitwacho S2, kisha huchomwa na kupozwa kwa ustadi ili kiwe kigumu bila kuwa kama kioo. Ugumu peke yake hautoshi. Chuma laini mno hujisokota kama kijiti kibichi, na pembe zake huviringika. Chuma kigumu mno hukatika ghafula kwa mlio, na kipande chaweza kuruka machoni. Ufunguo mzuri, mtu akiukaza kwa nguvu, hunyumbuka kidogo, kisha hurudi ulivyokuwa. Mafundi wazee huujua kwa kiganja tu. Sisi tusio mafundi yatupasa kuutazama.

Utazameni basi hivi. Kwanza tazameni mwisho wake, yaani pale panapoingia tunduni. Mwisho uwe umekatwa sawasawa, na ukingo wake umepunguzwa kidogo kwa mshazari ili uingie bila kukwama. Ukiona mwisho umekatwa kama kwa patasi, wenye mikia ya chuma inayochoma kidole, uacheni pale pale. Pili, zungusheni kijiti mbele ya mwanga: nyuso sita ziwe bapa, na pembe ziwe kali kutoka mwanzo mpaka mwisho, si za mviringo. Tatu, someni maandishi. Kiwanda kinachojiheshimu huchonga kipimo, na mara nyingi jina lake, juu ya kila ufunguo; kile kisichoandika hata kipimo hakitaki kujulikana. Nne, jihadharini na mng'ao. Funguo nyingi za bei rahisi hupakwa kromi nyingi hata zang'aa kama vijiko vya arusi, na chini ya kromi hiyo hamjui kilichopo. Ganda hilo likianza kubanduka huacha makovu makali, tena hubadili kipimo. Funguo nyeusi zilizopakwa mafuta hazipendezi macho, lakini nyingi kati ya zile nzuri ni za rangi hiyo.

Mwenye tupa aweza kujaribu zaidi, ikiwa muuzaji atakubali, na mara nyingi hatakubali mpaka mlipe. Pitisheni tupa juu ya mkono mfupi: chuma kizuri kitaifanya tupa iteleze na kuacha mkwaruzo mdogo, chuma laini kitakatwa kama pembe ya mbuzi. Aliye na kipimo cha taya mbili cha mafundi apime ubavu kwa ubavu. Ufunguo wa 5 ukipungua na kufika 4.9, si wa 5 tena.

Kuna viwanda ambavyo jina lake latosha kuwa ushuhuda. Marekani wana Bondhus na Eklind. Ujerumani wana Wera, Wiha na Hazet. Uswisi wana PB Swiss Tools. Ufaransa wana Facom. Wera huuza pia funguo ambazo nyuso zake zimefanyizwa kwa namna ya pekee ili nguvu isilemee ncha za pembe, nazo hulihifadhi tundu vizuri. Hatuna haja ya kusema kwamba mtu asiye na mojawapo ya majina hayo hawezi kufanya kazi. Lakini anayepata ndugu anayesafiri, badala ya kumwagiza shati, amwagize funguo tatu. Na jina likikutwa sokoni kwa bei ya ndizi, atazame tena ule mwisho na zile pembe, kwa sababu jina huchongwa upesi kuliko chuma kutengenezwa.

Tumesema funguo tatu, wala hatukukosea hesabu. Muuzaji atawaonyesha mfuko wenye funguo 25 au 30, za milimita na za inchi, kwa bei ndogo kuliko tatu zilizo bora. Mama wa nyumba naye, kwa haki yake, atauliza kwa nini baba alilipa zaidi akaleta kidogo. Jibu ni hili: katika funguo 30, mwenye baiskeli atatumia 4, 5 na 6 karibu kila mara, na mara chache 2.5, 3 na 8. Nyingine zitalala mfukoni mpaka zishikwe na kutu. Afadhali kununua moja moja zile zinazohitajika, na kuanza na zile ndogo. Wengi hufanya kinyume: hutoa fedha kwa ajili ya zile kubwa zinazojaza mkono. Lakini nguvu ya kijiti kustahimili kusokotwa haipungui sawasawa na unene wake. Yapungua haraka kupita kiasi. Ufunguo wa 2.5 ni nusu ya unene wa ule wa 5, lakini nguvu yake si nusu, ni sehemu moja ya nane. Ufunguo wa 8 wa chuma cha wastani utawavumilia miaka mingi. Ule wa 2.5 wa chuma hicho hicho hautavuka msimu wa mvua.

Juu ya umbo tuseme kwa kifupi. Ule wa herufi L wenye mkono mrefu ndio wa kununua kwanza. Ule wenye mpini wa herufi T wafaa kwa mtu anayefungua skrubu nyingi kila siku. Zile zinazokunjwa pamoja kama kisu cha mfukoni ni nzuri njiani, lakini hazifiki mahali pembamba. Zipo pia funguo zenye kichwa cha mviringo kama mpira mdogo kwenye mkono mrefu. Hizo huweza kuingia tunduni kwa mshazari, hata digrii 25 hivi, mahali ambapo mkono haupati nafasi. Ni akili kubwa! Lakini shingo ya mpira huo imechongwa ikawa nyembamba. Kwa hiyo tumieni mpira kwa kuzungusha skrubu iliyokwisha kulegea, na mwisho wa kukaza geuzeni ufunguo mtumie mkono mfupi usio na mpira. Anayekaza kwa mpira siku moja ataubakiza tunduni, na kuutoa humo ni kazi ya siku nzima.

Turudi kwa wale watu watatu. Wa kabati ana hatari ndogo: ufunguo unaowekwa ndani ya kasha mara nyingi ni wa chuma laini, lakini watosha kwa mara moja. Akitaka kuhamisha nyumba na kulifungua kabati tena, atafute ulio bora kabla hajaanza.

Wa baiskeli ana jambo zito zaidi. Zile baiskeli nyeusi za zamani hazimhusu, maana zafungwa kwa nati na spana za kawaida, tena ni imara mno. Lakini baiskeli za milimani zinazoletwa zikiwa zimekwisha kutumika Ulaya zimejaa skrubu za pembe sita: usukani, tandiko, breki. Skrubu ndogo zinazoubana usukani ndizo zinazobeba uhai wa mwendeshaji anapoteremka mlima. Zikiwa zimelegea, usukani wageuka mikononi. Na tundu lililoharibika haliwezi kukazwa. Tena msikaze kama mtu anayeua nyoka. Juu ya usukani mwingi imeandikwa kipimo cha kukaza, mara nyingi 5 Nm. Maana yake, kwa ufunguo wenye mkono wa sentimita 10, ni kusukuma kwa nguvu kama ya kuinua kilo 5 mwishoni mwa mkono huo, basi. Anayetia bomba juu ya ufunguo ili kuurefusha huivunja skrubu, au hukata nyuzi zake ndani ya alumini, naye hajui mpaka aifikie ile teremko. Kwa pedali, ambazo nyingi hufunguliwa kwa 6 au 8, kumbukeni kwamba ile ya kushoto huzunguka kinyume. Matundu mengi ya pedali yameharibiwa na watu wenye nguvu waliokuwa wakikaza huku wakidhani wanafungua.

Na wa gitaa? Huyu ndiye tunayemhurumia kuliko wote. Ndani ya shingo ya magitaa mengi mmelazwa fimbo ya chuma inayopingana na mvuto wa nyuzi, na mwisho wake una tundu la pembe sita: katika magitaa mengi ni 4 au 5 ya milimita, katika mengi ya Marekani ni inchi. Shingo ikipinda kwa sababu ya unyevu au ukavu, fimbo hii hukazwa au hulegezwa kidogo. Tundu hilo likiviringika, skrubu yake haitupwi ikanunuliwa nyingine dukani, kwa sababu imo ndani ya mti wenyewe. Aghalabu sharti shingo ikatwe na fundi stadi, na mafundi wa namna hiyo ni wachache. Basi mwenye gitaa alegeze nyuzi kwanza, atie ufunguo mpaka mwisho wa tundu, ageuze robo ya mzunguko tu, kisha apumzike atazame. Ufunguo wa gitaa usiazimwe kwa mwenye pikipiki.

Hata ufunguo bora huharibu ukitiwa nusu. Matundu hujaa matope na grisi iliyokauka, hasa ya baiskeli. Kabla ya kufungua, chokoeni tundu kwa msumari mwembamba, futeni, ndipo muusukume ufunguo hata usikie umegota chini. Skrubu iliyoshikwa na kutu ipewe mafuta, iachwe usiku mmoja. Tena jueni kwamba skrubu zenyewe hazilingani. Nyingine zina namba juu ya kichwa: 8.8, 10.9, 12.9, namba ikiwa kubwa, chuma ni kigumu zaidi. Ile ya 12.9 itaumaliza ufunguo laini kwa mara moja. Zile zisizoshika kutu ni laini kuliko hiyo, nazo ndizo zinazoumizwa na ufunguo uliochakaa.

Ufunguo uliochakaa mwishoni haujafa. Mkono bado una pembe nzuri juu kidogo. Kateni milimita 3 au 4 za mwisho kwa jiwe la kunolea, na mtapata pembe mpya. Lakini fanyeni polepole, na kila mara mchovye ufunguo katika maji, maana chuma kikishika moto hata kugeuka rangi ya samawati kimepoteza ugumu wake, na hamtaweza kuurudisha nyumbani. Kisha punguzeni ukingo kidogo kwa mshazari, kama ulivyokuwa.

Mwisho wa kazi, zipanguseni funguo kwa kitambaa chenye mafuta, hasa zile nyeusi, maana hewa ya kando ya ziwa hula chuma upesi. Zile za inchi zipakeni rangi nyekundu kwenye mkono mrefu, mzifunge katika kitambaa chake peke yake. Mtoto akitumwa kuleta ya 5, hataleta ya 3/16.